Vyura wa Mferejini na Daftari Nililolificha

Siku mdogo wangu aliporudi kutoka Ulaya, mama alichinja jogoo ambaye mimi nilikatazwa kumgusa wakati wa Krismasi. Nilifika Machame saa nne asubuhi kutoka Rau, ninakoishi, nikakuta manyoya yameshatupwa kwenye shimo la mbolea na mama yuko jikoni anaponda ndizi za mtori. Nilimwamkia.

"Marahaba," alijibu bila kugeuka. "Chukua ndoo uniletee maji. Mwenzio anakaribia."

Mwenzio. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mwalimu wa biolojia katika chuo kimoja mjini Moshi, lakini kwa mama nilikuwa bado mmoja wa wawili, na yule mwingine ndiye aliyekuwa anasubiriwa.

Huyo ninayemwita mdogo wangu hatukuzaliwa tumbo moja. Ni mtoto wa mama mdogo, aliyefariki akimwacha na miaka minne. Mama alimleta nyumbani, akamlaza kwenye kitanda changu upande wa ukutani, na tangu siku hiyo nikawa na mdogo. Nilimfundisha kusoma, kukamua ng'ombe, kukata majani bila kujikata vidole. Nilimfundisha pia kukamata chura. Nyuma ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, unapita mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani kuleta maji kutoka mtoni hadi kwenye migomba na kahawa, na kingo zake zilikuwa zimejaa vyura wadogo wa kahawia, wasiozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Yeye alikuwa akiwaogopa mpaka analia. Mimi ndiye niliyemwekea wa kwanza kiganjani, nikamfunga vidole taratibu, nikamwambia, "Usimbane. Msikilize tu anavyohema."

Kwa hiyo watu wanaposema kwamba yeye ni bingwa wa vyura, kuna mahali ndani yangu panapouma.

Nafasi ya kwenda kusoma nje niliiomba mimi kwanza, nikakosa. Yeye aliiomba miaka sita baadaye, kwa barua ambayo nilimsahihishia mimi mwenyewe, mezani kwangu, kwa kalamu nyekundu. Akapata. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikampungia mkono, nikarudi kufundisha.

Sikukaa bure. Nilikuwa na kibali cha chuo cha kukusanya viumbe vya kufundishia, na kila likizo nilipanda mlimani na buti, nyavu, mizani ndogo na daftari. Kumtambua chura ni kazi ya uvumilivu, na anayedhani ni rahisi hajawahi kuifanya. Kitabu cha utambuzi kinakwambia: kama mgongoni ana mstari, nenda namba nne; kama hana, nenda namba saba. Lakini chura hajasoma kitabu. Leo ana mstari, kesho jua likimpiga mstari unafifia. Dume ni wa kijani, jike wa spishi hiyo hiyo ana madoa, na mtoto wao hafanani na yeyote kati yao. Mwaka mmoja niliandika kwa furaha kwamba nimepata spishi tatu za vyura wa matete kwenye bwawa moja, halafu nikaja kugundua ni mmoja tu aliyevaa nguo tatu. Na majina nayo hayatulii. Jina nililolikariri nikiwa mwanafunzi limeshabadilishwa mara mbili, kwa sababu wenye maabara za vinasaba wamegundua kwamba ndugu tuliowaweka ukoo mmoja si ndugu, na wale tuliodhani ni mmoja ni watatu. Wanafunzi wangu wananiuliza lipi ni sahihi, na kitabu kilichoko maktaba kinasema lile la zamani.

Ubaya zaidi, chura wa mfano, yaani yule aliyepewa jina kwa mara ya kwanza na ambaye wote wanaofuata lazima walinganishwe naye, kwa spishi nyingi za mlima wetu yuko ndani ya chupa Ulaya. Mimi nilikuwa nimemwona kwenye picha tu.

Mdogo wangu alifika saa sita. Mama alitoka nje anakimbia, mama huyo huyo ambaye magoti humuuma akienda kanisani. Tulikula. Mtori ulipokwisha, yeye alifuta midomo, akaniegemea begani kama zamani, akasema:

"Dada, nilimshika yule chura wa mfano. Walinitolea kwenye chupa, nikamshika mkononi. Amepauka mweupe kabisa, lakini nilimpima mwenyewe."

"Vizuri," nilisema.

Nilikwenda uani nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe. Sikulia. Nilisimama tu mpaka mama aliponiita nije kutoa vyombo.

Alikuwa amekuja kwa miezi minne, kuanzia mvua za masika. Alikuwa na vibali vyote, na alitaka kupima vinasaba vya vyura wa mlimani na wa tambarare aone nani ni nani. Aliniambia mbele ya mama, "Bila dada siwezi. Yeye ndiye anayejua wanakokaa." Mama alitabasamu kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. Nami nilikubali, kwa sababu ningekataaje?

Tulifanya kazi wiki tano. Tulianza kwenye msitu wa Rau, karibu na kwangu, tukashuka Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, ambako wakulima walisimama kwenye tuta kutuangalia watu wazima wawili tukiinama matopeni, kisha tukapanda tena Machame mpaka ukingo wa msitu. Nilimwonyesha kila mahali nilipojua, isipokuwa mahali pamoja.

Hapo ndipo nilipoficha roho yangu. Juu ya vihamba vya mwisho, kuna korongo lenye mawe ya kijani ambako nilikuwa nimempata, mara tano kwa miaka yote, chura mdogo mwenye mapaja ya rangi ya chungwa ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Wawili nilikuwa nao ndani ya chupa, chuoni, nyuma ya kabati. Katika daftari nilimwandika kama "chura wangu." Nilikuwa nikisubiri nipate zaidi, nipate muda, nipate mtu wa kunisaidia kuandika. Sasa mtu wa kunisaidia alikuwa amekuja, ana kila kitu, naye alikuwa ndiye mtu wa mwisho duniani niliyetaka amwone.

Siku tuliyokaribia njia ya kwenda korongoni, aliuliza, "Huku juu je?"

"Huku hakuna kitu," nilimjibu. "Utelezi tu."

Aliniamini. Aligeuka akashuka.

Ili asihisi kwamba namnyima, nilimpa kitu kingine. Nilikuwa na kasha la chupa za vyura wa kahawia wa mferejini, wale wa nyuma ya kihamba chetu, niliowakusanya zamani kwa ajili ya wanafunzi kuwapasua. Nilizitoa stoo nikamwekea mezani.

"Hawa wamejaa kila mahali," nilimwambia. "Labda watakufaa kwa kulinganisha."

"Umewahifadhi kwenye fomalini?"

"Hawa nilitumia spiriti kali. Fomalini ilikuwa imeisha."

"Afadhali," alisema. "Fomalini inaharibu vinasaba."

Nilikumbuka chura wangu wawili nyuma ya kabati. Wale nilikuwa nimewawekea fomalini, kwa heshima, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuhifadhi kitu cha thamani.

Alikata vipande vidogo vya misuli, akavituma maabara pamoja na vingine vyote. Tukasubiri. Wakati huo chuo kilimwomba atoe mhadhara. Ukumbi ulijaa. Walimu wenzangu ambao sijawahi kuwaona wakimsikiliza mtu hadi mwisho walikaa kimya. Alisema nchi yetu ina vyura wengi kuliko waliopewa majina, na kwamba wengine watatoweka kabla hatujajua kuwa walikuwepo. Aliwaonyesha jinsi spishi mbili zinavyoweza kufanana kwa macho, kwa vidole, kwa ngozi, zikatofautiana kwa mlio na kwa vinasaba tu. Alieleza vizuri. Nilitafuta kosa sikuliona, na hilo ndilo lililoniuma. Mwishoni alisema, "Aliyenifundisha kumshika chura amekaa pale," akanionyesha. Watu walipiga makofi. Mwalimu mmoja kijana alinigeukia akanong'ona, "Kumbe huyu ni ndugu yako? Hongera sana." Miaka yote tuliyofundisha naye hakuwahi kuniuliza ninachofanya mlimani.

Majibu yalikuja mwanzoni mwa mwezi wa tano. Alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani.

"Dada, kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Wale wa kahawia. Wale wa kwenye kasha lako. Hawafanani na wengine wote. Nimewalinganisha na wa Chekereni, wa Rau, wa Usambara, na wale walioko kwenye hazina za vinasaba. Wako mbali kabisa. Dada, hii ni spishi mpya!"

Nilisikia anacheka, kisha anapenga kamasi. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na wino ulikuwa unaweka doa kwenye mtihani wa mtoto wa watu.

Fikiria mwenyewe. Nilikuwa nimezunguka mlima miaka yote hiyo nikitafuta wa ajabu, kumbe wa ajabu alikuwa anaruka mbele ya ndoo yangu tangu utoto. Nilikuwa nimemdharau nikamtoa kwa mkono wangu. Kwa nia ya kumpa takataka nilimpa dhahabu.

"Ulipata wapi hasa?" aliuliza. "Ndani ya spiriti vyura wa kahawia wote wanafanana, na chupa zina namba tu. Lazima niwe na mahali penyewe, na nikawarekodi wakiwa hai. Bila mlio na mahali, hakuna atakayekubali maelezo yangu. Daftari lako liko wapi?"

Daftari lilikuwa kwenye droo, mbele ya magoti yangu.

"Daftari lile liliharibika," nilisema. "Panya walilitafuna stoo."

"Hukumbuki kabisa?"

"Nadhani ni Chekereni. Kwenye mifereji ya mpunga."

Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama yalikuwa yamekaa mdomoni siku nyingi. Baada ya kukata simu nilisahihisha mitihani kumi mingine, na nakumbuka kwamba nilitoa alama vizuri, bila upendeleo.

Akaenda Chekereni. Alikwenda kila alasiri, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kinasa sauti chake kwenye mfuko wa plastiki. Akirudi alinipigia. "Leo nimepata wale wa kawaida tu." "Leo wakulima wamefungulia maji, nimezama hadi mapajani." Siku moja sauti yake ilikuwa nzito, ana homa. Alipimwa, alikuwa na malaria. Mama alinipigia akilalamika, "Mtoto anaugua kwa ajili ya vyura. Wewe uko mjini, kwa nini humsaidii kutafuta?"

"Namsaidia, mama," nilisema.

Ningependa kuandika kwamba nilikosa usingizi. Nililala. Asubuhi nilikunywa chai. Wivu ukishakaa haukunyimi chakula. Unakula nawe sahani moja. Nilikuwa najiambia kwamba atakata tamaa, ataondoka, nami likizo ijayo nitawarekodi vyura wa mferejini mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza hata kuandika sentensi za kwanza za makala, nikazifuta, nikaziandika tena.

Kilichonibadilisha hakikuwa dhamiri. Mwezi wa sita, Jumamosi moja yenye manyunyu, nilipanda Machame kumpelekea mama pumba za ng'ombe. Nilipokata kona ya kanisa niliona mifuko ya saruji imepangwa kando ya njia, imefunikwa turubai, na kokoto. Nilifikiri kuna mtu anajenga. Lakini nilipofika nyuma ya kihamba nilikuta vijana wanachimba kingo za mfereji, na hatua mia mbili hivi juu yetu mfereji ulikuwa tayari umesakafiwa, mweupe, msafi, umenyooka. Nilipanda kuuangalia. Maji yalikuwa yanapita kwa kasi na kwa utulivu. Hapakuwa na tope, wala jani, wala chura.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee ambaye alisoma na marehemu baba, alikuwa anasimamia na mwavuli wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Unaona maendeleo? Nusu ya maji yalikuwa yanapotea njiani. Wa chini walikuwa wanalia kila mwaka."

"Kwetu mtafika lini?"

"Jumanne, Mungu akipenda."

Nilishuka hadi kwenye magimbi ya mama, pale ambapo mfereji wetu umekuwa ukivuja tangu nipate akili. Palikuwa na unyevu, majani mapana, na manyunyu yalikuwa yanaendelea. Nikasikia. Mlio ule mdogo, mkavu, kama mtu anayekwaruza kucha kwenye meno ya kitana, mara tatu tatu. Niliusikia utotoni mpaka nikaacha kuusikia. Nilichuchumaa pale suruali ikalowa, nikahesabu siku: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Peke yangu nisingeweza. Sikuwa na kinasa sauti kinachofaa, kibali changu cha kufundishia hakikuruhusu utafiti, sikuwa na jina ambalo kamati ingelisikiliza. Aliyekuwa navyo vyote alikuwa ndani, amelala kwenye kitanda chetu cha zamani na blanketi hadi kidevuni, anapona malaria niliyompeleka kuitafuta.

Kwenye ua wa mama kuna masale. Kwetu ukimpelekea mtu jani la sale kumwomba radhi, hawezi kukukatalia. Nilinyoosha mkono kulichuma, nikauacha. Nilikuwa nimeshamlazimisha mambo ya kutosha.

Niliingia nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Daftari halikuliwa na panya," nilisema.

Alifumbua macho.

"Liko kwenye begi langu, natembea nalo tangu siku ile. Wale vyura ni wa hapa. Nyuma ya nyumba. Kwenye magimbi ya mama. Nilijua tangu siku uliyonipigia."

Nilitegemea apige kelele. Nilitaka apige kelele.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuonea wivu."

"Kwa kitu gani? Dada, una nyumba. Una watoto. Mama yuko karibu nawe mwaka mzima, mimi namwona kwenye simu. Nikiwa kule nilikuwa nikiota harufu ya jiko lake, nakuonea wivu wewe." Alijigeuza akaelekea ukutani, upande wake wa zamani. "Wiki tatu, dada. Nilikuwa natapika kwenye tuta la mpunga, nakupigia wewe simu."

Baadaye kidogo nilimweleza habari ya saruji. Hapo akaketi. Alivuta blanketi mabegani, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete daftari."

Jioni hiyo kabla giza halijaingia, mwili wake ukiwa bado unatetemeka, tulikaa kwenye magimbi chini ya mwavuli mmoja. Mimi nilishika mwavuli, yeye akashika kinasa sauti. Hatukuzungumza, na tusingeweza hata kama tungetaka, kwa sababu kifaa kingetunasa. Vyura waliimba kwa dakika arobaini. Alipokizima alisema neno moja tu, "Wanatosha," akainuka akaingia ndani peke yake.

Jumatatu kamati iliketi kwenye baraza la shule ya msingi. Mdogo wangu alisimama, akawaamkia wazee wote, akasema hakuja kupinga saruji. Aliwachezea ule mlio kwenye simu. Mzee mmoja alicheka.

"Huyo? Huyo si ndiye anayetupigia kelele tukimwagilia?"

"Ndiye, baba. Na kwa tunavyojua mpaka leo, hajaonekana mahali pengine popote duniani."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alisema sawa, lakini maji yanayovuja kwenye magimbi ni maji ya watu wa chini, nani atayafidia? Ndipo mama, aliyekuwa amekaa nyuma na kanga yake ya kanisani, akasimama na magoti yake mabaya.

"Yahesabiwe kwenye zamu yangu ya maji," alisema. "Nipunguzieni saa zangu. Kipande changu kiacheni na udongo."

Walikubali kuacha udongo kuanzia kwenye mpaka wa kihamba chetu hadi kwenye kivuko, na kwingine kote wakasakafia. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza mama kwa nini ametoa maji yake, na migomba ya upande ule yote inategemea zamu.

"Mtoto ameomba," alijibu.

Mwaka wa ukame niliwahi kumwomba anipe saa moja ya zamu yake nimwagilie mboga zangu za bustani ya majaribio. Alikataa. Nilitembea nyuma yao wawili nikiwaangalia migongo, nikaona kwamba kuungama hakujaniponya kitu. Wivu ulikuwa pale pale, umevaa viatu vingine tu.

Wiki iliyofuata nilimletea chupa mbili za nyuma ya kabati na daftari la korongoni. Hakuniuliza kwa nini nilizificha. Alisoma kurasa zote tano, akazirudia.

"Mara zote ni mwezi wa saba," alisema.

"Ndiyo."

"Na hujawahi kuwasikia wakilia."

"Hapana."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mvua huisha mwezi wa tano, viluwiluwi huota miguu, na mwezi wa saba hutoka majini. Chura asiyelia anaweza kuwa chura asiyebalehe. Ningemwambia mwanafunzi yeyote hivyo kwa nusu dakika.

"Nimpasue mmoja?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ukikataa siwezi."

"Mpasue."

Tulitumia darubini ya chuo changu. Alipomaliza alisogea pembeni nami nikaweka jicho. Viungo vya uzazi vilikuwa nyuzi tu, havijakomaa. Na vidole, sasa nikivitazama bila mapenzi, vilikuwa na visahani vya kunata vya chura wa mtini ambaye kila mtu anamjua, ambaye akikua mapaja yake hupoteza rangi. Chura wangu alikuwa mtoto wa mtu mwingine.

"Wengi wamekosea kwa watoto wa spishi hii," alisema. "Hata wakubwa."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Kurasa hizi zinaonyesha anazaa korongoni, na hilo halijulikani. Liandike. Liandike wewe, uweke jina lako peke yako."

Nililiandika, likachapishwa, kurasa mbili. Sikuwahi kulisoma tena.

Makala ya chura wa mferejini ilichukua zaidi ya mwaka. Wahakiki walitaka vipimo vingine, walitaka mifupa ipigwe picha, mmoja alitaka tuthibitishe kwamba jina la zamani lililosahaulika tangu enzi za Wajerumani halimhusu chura huyu. Hilo lilimfanya mdogo wangu arudi kwenye chupa za Ulaya mwezi mzima. Jina lake lilitangulia, langu likafuata. Nilikuwa na sharti moja tu, nililolitoa kwa simu: chura wa mfano abaki Tanzania, na wenye kutaka kumpima wapande ndege waje huku. Nilidhani atakataa, kwa sababu waliomsomesha walitaka chura huyo akae kwao. Aligombana nao majuma mengi. Chura akabaki. Sasa yuko kwenye hifadhi ya chuo kikuu, na wanafunzi wangu wakienda kwa ziara wanamwona, wakiwa wameshika kofia zao mikononi bila kuambiwa.

Jina alilopewa ni la kijiji chetu, kwa umbo la Kilatini. Sikuulizwa. Mama aliulizwa.

Hatuko kama zamani. Alipoondoka nilimsindikiza tena uwanjani, akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukishika begi. Ananiandikia habari za kazi kwa adabu, kama mtu anayemwandikia mtu wa ofisi nyingine. Akimpigia mama husema, "Msalimie dada," na mama hunifikishia salamu hizo huku akinichungulia usoni, kwa maana hakuna aliyemweleza kilichotokea na hana haja ya kuelezwa.

Juzi alinitumia ujumbe. Vinasaba vya wale vyura wa msitu wa Rau vimeleta jambo ambalo halielewi, anahitaji niende nikawasikilize mvua zikianza, na kama nina madaftari ya zamani ya pale anaomba picha za kurasa zote. Nilisoma ujumbe huo nikiwa sokoni, nikaiweka simu mfukoni, nikaendelea kuchagua nyanya. Picha nilizituma baada ya siku mbili. Zilikuwa tayari tangu jioni ile ile, nilizipiga zote, kila ukurasa, na maeneo yake. Siku mbili nzima zilikuwa zangu tu, za kukaa nazo, halafu nikabonyeza.